Siku Nne Hotelini Mombasa

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi na jamaa zangu tulikaa wageni mjini Mombasa kwa siku nne, na siku ya tatu nilipewa jembe langu, ingawa halikuwa la chuma. Napenda kuwaeleza wasomaji habari za safari hiyo, furaha yake na aibu yake pia, kwa kuwa yeyote anayekusudia kuwapeleka watu wake mjini wakati wa likizo huenda akapata faida katika makosa yangu.

Mimi ni karani katika ofisi moja ya serikali huko Machakos. Kwa muda wa miaka kadhaa nilikuwa nikimwahidi mke wangu na watoto wetu wawili kwamba nitawaonyesha bahari, na kila mwaka ahadi hiyo ilimezwa na karo ya shule na bati za nyumba. Mwaka 2024 niliazimu kuitimiza. Tangu mwezi wa Januari niliweka kando shilingi 5,000 kila mwisho wa mwezi, na ilipofika Desemba nilikuwa na fedha za kutosha watu watano. Mtu wa tano alikuwa baba yangu.

Sina budi kueleza kwa nini nilitaka baba aje. Tangu mwaka 1981 hata mwaka 2010 alikuwa mtandika vitanda katika hoteli moja kubwa ya Nairobi. Kwa miaka 29 aliwatandikia watu wengine, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kulala hotelini hata usiku mmoja. Ilikuwa ni sheria ya kazi yao kwamba mtumishi hata kitandani asiketi. Kwa mshahara wake, pamoja na bakshishi za wageni, mimi nilisoma sekondari katika shule ya misheni. Na huko shuleni, wenzangu waliponiuliza kazi ya baba yangu, niliwajibu kwamba yuko ofisini Nairobi. Jambo hilo sikuwahi kumwambia. Nilifikiri moyoni kwamba nikimlaza katika kitanda kilichotandikwa na mtu mwingine, nitakuwa nimelipa sehemu ya deni.

Tuliondoka Machakos alfajiri kwa matatu hadi steshini ya Nairobi iliyoko Syokimau, maana gari huondoka saa mbili asubuhi wala halimngoji mtu. Nauli ya daraja la pili wakati huo ilikuwa shilingi 1,500 kwa mtu mzima. Tikiti nilikuwa nimezilipia kwa simu majuma mengi kabla, kwa sababu mwezi wa Desemba nafasi huisha upesi. Getini tuliambiwa tuiweke mizigo yetu chini kwa safu, na mbwa wa askari wakapita wakiinusa mmoja mmoja. Binti yangu alimshika babu yake mkono akamwuliza kama mbwa wale wanatafuta nyama. Babu akamjibu, "Wanatafuta mtu aliyebeba neno baya. Wewe umebeba chapati tu."

Wazee bado huliita gari la moshi, ingawa hili la sasa, lililoanza kuchukua abiria mwaka 2017, halitoi moshi wa kuonekana kama yale ya kale. Baba aliwahi kusafiri kwa gari la zamani lililoondoka Nairobi jioni na kufika Mombasa asubuhi. Aliwasimulia watoto jinsi reli ile ya kwanza ilivyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na jinsi simba wawili wa Tsavo walivyowala wajenzi wa daraja hata walipopigwa risasi mwezi wa Desemba mwaka 1898. Tulipoipita Kibwezi tukaanza kuiona mibuyu, na baada ya Mtito Andei watoto wakawaona ndovu waliogeuka wekundu kwa vumbi la nchi ile. Tangu hapo hakuna aliyesinzia. Yapata saa nane tulishuka Miritini, joto likatupokea kama mtu aliyefungua mlango wa jiko.

Hoteli yetu ilikuwa ya kadiri, nyumba ya orofa nne kisiwani, mwendo mfupi kutoka barabara ya Moi, penye zile pembe kubwa za alumini ambazo kila mgeni hupiga picha chini yake. Jina lake silitaji. Tulichukua vyumba viwili vinavyokabiliana, kila kimoja kwa shilingi 3,500 kwa usiku pamoja na chakula cha asubuhi. Baba na mwanangu wa kiume walichukua kimoja, na mimi, mke wangu na binti yetu tukachukua cha pili. Vyumba vilikuwa safi, vina feni darini, chandarua, na maji ya bomba ambayo jioni yalipungua nguvu. Watoto waliendesha lifti juu na chini mpaka bawabu akawaonya.

Baba alisimama mlangoni pa chumba chake kwa muda mrefu bila kuingia. Kisha akaingia, akapitisha kidole juu ya kabati, akatazama chini ya kitanda, akaliinua godoro pembeni, akaitazama shuka. "Si mbaya," akasema. "Lakini pembe zimelegea." Usiku ule mwanangu aliniambia kwamba babu yake alikuwa amelala upande mmoja tu wa kitanda, karibu na ukingo, kama mtu aliyeazimwa nafasi.

Kulipokucha, kabla ya sisi kuamka, alikuwa amekwisha kutandika vitanda vyote viwili vya chumba chake, ameikunja chandarua na kufuta bafu. Mwanamke aliyekuwa na kazi ya orofa ile alipofika na ndoo yake alishangaa. Alikuwa mtu wa Kilifi, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu hivi.

"Mzee, shikamoo. Mbona waninyang'anya kazi yangu?" akamwuliza.

"Marahaba, binti yangu. Kazi hii ilikuwa yangu kabla hujazaliwa," baba akamjibu.

Basi wakaanza kuzungumza. Alimwonyesha namna ya kuikunja pembe ya shuka kama bahasha na kuipenyeza chini ya godoro, hata mgeni ageuke usiku kucha isichomoke. Yule mama alijaribu mara mbili, na ya tatu akaiweza. Akasema kwamba hakufundishwa na mtu. Aliingia kama kibarua wakati wa wageni wengi, akajifunza kwa kutazama. Alikuwa na vyumba 16 kwa siku. Baba alitikisa kichwa, kwa maana yeye wakati wake alikuwa na 14, na mwajiri wake alikuwa amempeleka kwa majuma machache katika Chuo cha Utalii kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1975. Yule mama akaeleza pia kwamba kibarua wa hoteli za pwani huhesabu mwaka kwa miezi miwili: Desemba wageni wanapojaa, na Aprili mvua za masika zinapoanza, hoteli nyingine hufunga milango na vibarua hurudi makwao kungojea kuitwa.

Siku hiyo ya pili tulikwenda Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kuimaliza mwaka 1596. Waarabu wa Omani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Waingereza wakaifanya jela tangu mwaka 1895 hata 1958, na tangu mwaka 1960 ni nyumba ya makumbusho. Tuliambiwa kwamba ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Baba akasema, "Basi hata ngome imepata kulala, mimi ni nani nisilale?" Tukacheka sote. Kutoka hapo tulipita katika vichochoro vya Mji wa Kale, tukaitazama milango ya mbao yenye nakshi, tukanunua mabuyu na viazi karai, na kila mtu akanywa dafu lake. Usiku ule, kama nilivyoambiwa, baba alilala katikati ya kitanda.

Sasa nafika siku ya tatu.

Fedha za matumizi, shilingi 8,000, nilikuwa nimezitia katika bahasha, na bahasha nimeiweka katika mtoto wa meza karibu na kitanda. Asubuhi hiyo tulishuka kula mahamri na mbaazi za nazi, na tuliporudi tukakuta chumba kimekwisha kufagiliwa. Nikavuta mtoto wa meza. Bahasha haikuwamo. Nikatazama chini ya mito, haikuwamo. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, ngoja kwanza, tutafute vizuri." Sikungoja. Nilishuka ngazi hata mapokezi, na mbele ya wageni waliokuwa wakilipa, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, nilisema kwamba nimeibiwa, na kwamba aliyeingia chumbani mwangu ni mmoja tu.

Meneja alimwita yule mama. Akaja akijipangusa mikono kwa eproni yake. "Bwana, mimi nimetandika na kufagia," alisema. "Meza nimeifuta juu. Ndani sikufungua." Hakulia wala hakupandisha sauti. Meneja akamwamuru avue eproni na kuketi karibu na mlango wa jikoni, akamwambia kwamba ikiwa fedha hazitaonekana kufikia saa sita, ataondoka na asirudi. Kwa kuwa alikuwa kibarua, hakukuwa na barua ya kumwajiri wala ya kumfukuza.

Baba alikuwa ameketi palepale barazani akisoma gazeti. Alilikunja polepole, akainuka, akaniambia kwa Kikamba, "Twende juu."

Chumbani hakunigombeza. Alianza kutafuta kwa utaratibu, kutoka mlangoni kwa mkono wa kuume, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Alisema, "Mgeni akipotewa na kitu hotelini, usitafute alipokiweka. Tafuta alipokificha." Akafungua begi la watoto, akatoa nguo moja moja, akafikia viatu vya mwanangu vya kanisani. Ndani ya kiatu cha kushoto mlikuwa na bahasha yangu.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Usiku wa manane nilikuwa nimesikia watu wakipita kwenye ujia, nikaingiwa na hofu ya wezi, nikaamka gizani na kuihamisha mimi mwenyewe, kisha nikalala na kusahau. Shilingi zilikuwa 8,000 kamili.

Baba aliketi kitandani, akaniashiria nami niketi. Akaniuliza, "Wakumbuka mwaka 2003, ulipofukuzwa shule kwa ajili ya karo?"

Niliukumbuka vema. Nilikuwa kidato cha pili. Nilikaa nyumbani karibu mwezi mzima nikichunga mbuzi, na nilimkasirikia sana baba yangu, nikidhani amezitumia fedha zetu katika starehe za Nairobi.

"Mgeni mmoja alipotewa na saa yake," baba akasema. "Nami ndiye niliyekuwa nimetandika chumba. Nilipekuliwa mbele ya wenzangu mpaka ndani ya soksi, nikaambiwa niende nyumbani bila mshahara. Yule mgeni akapanda ndege akaenda zake. Baada ya majuma matatu ikaja barua: ameiona saa ndani ya mfuko wa koti lake, naye anasikitika. Barua ile ndiyo iliyonirudisha kazini. Wale majuma matatu hakuna aliyenilipa. Na kama yule mtu angekuwa mvivu wa kuandika, wewe leo usingekuwa karani."

Sikuwa na la kusema. Nilitaka kushuka nimwite meneja kando, nimnong'oneze kwamba fedha zimeonekana, mambo yaishe. Baba akanisoma moyo. "Ulimshtaki kwa sauti kubwa," akasema. "Kumwomba radhi nako kuwe kwa sauti ile ile."

Basi nilishuka. Wageni wengine walikuwa bado barazani. Nilisimama pale pale niliposimama mara ya kwanza, nikasema kwamba fedha hazikuibwa, kwamba mimi mwenyewe nilizificha nikasahau, na kwamba nimemsingizia mtu mwaminifu mbele ya watu. Kisha nikamgeukia yule mama nikamwomba anisamehe. Alinitazama kitambo. "Nimesikia, bwana," akasema. "Haya, naenda. Vyumba sita bado vyaningojea." Akaifunga eproni yake, akaichukua ndoo, akapanda ngazi. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikuwa na haki ya kumdai neno hilo.

Nilikuwa nimeshika noti ya shilingi 1,000 nikitaka kumfuata. Baba akanizuia. Alisema kwamba fedha za siku hiyo zingeonekana kama bei, kana kwamba heshima ya mtu ina bei. "Mpe siku ya kuondoka, kama mgeni yeyote ampavyo mtumishi mwema. Leo mwache afanye kazi yake."

Alasiri tulivuka kivuko cha Likoni kwenda na kurudi, ambapo waendao kwa miguu hawatozwi nauli, kisha tukaketi katika bustani ya Mama Ngina, chini ya mibuyu mikubwa, tukizitazama meli zikiingia Kilindini. Watoto walikimbia na mama yao kununua mihogo ya kukaanga. Nilipobaki na baba peke yetu nikaona kwamba nikinyamaza siku hiyo, sitasema kamwe. Nikamweleza jinsi nilivyowadanganya wenzangu shuleni.

Baba alizitazama meli. "Nilijua," akasema. "Siku ya wazazi wale wavulana walinisalimu, 'Shikamoo, karani.' Nikaitika marahaba." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Nilijiambia, huenda ni unabii."

Siku ya nne, kabla ya kuondoka, nilifanya kazi ninayoijua. Niliomba karatasi mapokezi nikamwandikia meneja barua fupi, nikieleza kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba mtumishi wa orofa ya tatu ni hodari na mwaminifu, na kwamba ikiwa nitarudi Mombasa nitafurahi kumkuta. Niliweka tarehe, nikatia sahihi na jina langu kamili, nikaandika nakala ya pili nikampa yeye mwenyewe pamoja na bakshishi yake. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja vizuri, akaitia ndani ya mkoba wake. Kisha akamwambia baba, "Mzee, njoo uzione pembe." Wakaingia katika chumba kimoja kilichokuwa tupu. Nilisikia baba akisema, "Hapo sasa!"

Ndugu wasomaji, nina mashauri machache kwa mtu anayekusudia safari kama hii. Kata tikiti za gari mapema, na kila mtu mzima achukue kitambulisho chake. Kama huna haja ya kusafiri Desemba, chagua miezi mingine, kwa kuwa wakati wa wageni wachache hata bei huwa na masikizano. Fedha na vitu vya thamani mkabidhi mwenye mapokezi, akupe stakabadhi, usivifiche na kuvihamisha usiku kama nilivyofanya. Watoto wafundishwe kuchukua chakula watakachokimaliza. Ukipotewa na kitu, tafuta mara tatu kabla ya kutaja jina la mtu mara moja, maana kitu hupatikana, bali jina lililochafuliwa hupata tabu kusafika. Na ukihudumiwa vema, andika. Barua ya mistari michache haikugharimu kitu, nayo yaweza kuwa ndiyo barua pekee ya kazi aliyo nayo mtu yule.

Tulifika nyumbani usiku, tumechoka, na mchanga wa bahari bado umo viatuni. Asubuhi niliamka mapema kuliko desturi yangu, nikaingia chumbani mwa baba alipokuwa ametoka kunawa, nikamtandikia kitanda chake. Pembe nilizikunja kama bahasha, kwa kadiri nilivyoweza. Aliporudi alikitazama, akainama, akairekebisha ile ya upande wa ukutani, hizo nyingine akaziacha.